Nyumba ya Bwiru: njia za uchafu zilikatwa kabla ya kumwaga msingi

Kiwanja kiko Bwiru, jijini Mwanza, upande wa Ilemela, kwenye mteremko unaoangalia Ziwa Victoria, kama mita 400 kutoka majini. Kina mita 20 kwa 25, na kutoka barabara ya juu hadi mpaka wa chini kinashuka mita 3. Juu ya mpaka kuna mwamba mpana wa granaiti, wa aina ile ile iliyoifanya Mwanza iitwe Jiji la Miamba. Mvua ikinyesha, mwamba haufyonzi chochote. Maji yote yanateremka yakibeba changarawe na kuishia kwa aliyejenga chini yake.

Familia ni watu sita. Mama anafundisha sekondari, baba nusu ya mwezi yuko safarini kwa biashara ya dagaa, watoto watatu ni wa shule, na bibi, mwenye goti bovu, ndiye anayeshinda nyumbani. Dada wa kazi hakuna. Mama alimpa mchoraji sharti moja: nyumba isafishike kwa jioni moja ya katikati ya wiki na asubuhi ya Jumamosi, pasipo mtu kupanda ngazi wala kupiga magoti.

Mchoro wa kwanza ulikuwa wa mtindo unaopendwa siku hizi. Bati limefichwa nyuma ya ukuta, dari ya jipsamu ina ngazi tatu na mkanda wa taa ndani yake, vigae ni vyeupe vinavyong'aa kama kioo, makabati ya jikoni ni ya mbao za kubandika, na kila dirisha lina grili ya maua. Ungepigwa picha nzuri. Lakini karibu kila pambo lililokuwemo lilikuwa rafu, mfereji au kona ya kukusanyia kitu.

Kabla ya kurekebisha mchoro, familia ilitakiwa kufanya kazi ndogo kwenye nyumba waliyopanga Kirumba. Kwa wiki mbili waliangalia kila kinachoingia kwenye kizoleo na kila kinachofutwa ukutani. Vilitokea vitu vinne: udongo na changarawe za miguuni, wadudu wa ziwani pamoja na wale wanaowafuata, mafuta na moshi wa kukaangia samaki, na alama za maji yaliyotuama. Vumbi la kawaida lilikuwapo, ila dogo ukilinganisha na hayo. Orodha hiyo ndiyo iliyotumika kama ramani. Kila kitu kina njia yake ya kuingilia, na njia hiyo kwa kawaida iko mbali na mahali unapokuja kukifagia.

Maji ya mlimani

Kazi ya kwanza ya usafi ilifanyika nje, mita 2 juu ya ukuta wa nyuma. Hapo ulichimbwa mtaro wa kukinga maji, upana sentimita 40 na kina sentimita 40, ukajengwa kwa mawe na kupigwa plasta laini ndani. Unazunguka nyumba pande mbili na kushuka hadi mpaka wa chini. Mwinamo wake ni sentimita 1 hadi 2 kwa kila mita. Ukiwa chini ya hapo changarawe zinalala njiani. Ukizidi sana maji yanaruka kwenye kona. Kwenye kila kona kuna shimo la tope la sentimita 60 kila upande, na sakafu yake iko chini ya sakafu ya mtaro, ili mchanga udondokee humo na maji yaendelee. Shimo hilo huchotwa kwa koleo. Bila shimo, mtaro mzima ndio unaochotwa.

Kuzunguka nyumba kuna ukanda wa zege wa sentimita 75, unene sentimita 10, unaoshuka sentimita 3 kuelekea nje. Ukishapita ukanda huo unakuta kokoto za robo tatu ya inchi kwenye mfereji wa sentimita 40. Vipimo hivi vimefuata paa: bati limetoka sentimita 90 nje ya ukuta, kwa hiyo gata ikifurika maji huanguka katikati ya kokoto. Tone likianguka kwenye udongo hurusha tope ukutani. Likianguka kwenye kokoto hupotelea humo. Doa jekundu unaloliona chini ya kuta za nyumba nyingi mlimani linatokana na hilo, na kulipaka rangi upya kila mwaka hakusaidii, kwa sababu chanzo bado kipo.

Chini ya ukuta, hadi sentimita 45, walijenga kwa mawe ya hapo hapo na kujaza saruji kwenye viungo hadi ikalingana na uso wa jiwe. Mafundi wengi hupenda kuacha viungo vikiwa ndani, au kuvichora kwa saruji iliyotokeza. Ni pambo zuri, lakini buibui hulichukua lote ndani ya mwezi.

Nailoni ya DPC, ile inayozuia unyevu kupanda ukutani, imelazwa sentimita 15 juu ya ukanda wa zege, kuzunguka nyumba yote bila kukatika, na pale vipande vinapokutana vimepandana sentimita 15. Kwenye mteremko kosa la kawaida hutokea upande wa juu. Nyumba ikishaisha, watu husawazisha bustani, udongo unapanda hadi kuivuka nailoni, unyevu unaingia ukutani, na baada ya mwaka plasta ya ndani inaanza kutoa unga mweupe na magamba. Hapo utasikia rangi inalaumiwa. Dawa ni kuuondoa udongo, kuuacha ukuta ukauke kwa miezi, ndipo plasta ibanduliwe na kupigwa upya.

Paa

Hapa mama alishindana na mchoraji kwa muda, na kwa maoni yetu mama alikuwa sahihi. Bati lililofichwa huhitaji mfereji ndani ya jengo, nyuma ya ukuta. Mfereji huo huwezi kuuona ukiwa chini. Majani, mizoga ya wadudu na viota hujaa kwenye mdomo wa bomba, na mvua ya kwanza ya vuli ikishuka maji hayana pa kwenda ila ndani, juu ya dari ya jipsamu. Gata iliyo nje ikiziba, maji humwagika nje; aibu yake ni ndogo.

Wakachagua paa la miteremko miwili tu, mwinamo nyuzi 22, bati la geji 28, bila bonde hata moja. Bonde ni pale paa mbili zinapokutana na kushuka pamoja. Kila bonde ni mahali pa majani kukwama na pa bati kuanza kutu. Gata ina upana wa sentimita 15 na inashuka milimita 5 kwa mita kutoka katikati kwenda pande zote mbili. Kwa urefu wa mita 12.8, mwisho wake unakuwa chini kwa sentimita 3 na ushee, na jicho haligundui. Ingeshuka upande mmoja tu, tofauti ingepita sentimita 6, na mtu angeuliza kwa nini gata imepinda.

Paa hilo, likipimwa chini kwenye kivuli chake, ni mita za mraba 150. Milimita moja ya mvua ni lita 150. Mvua ya milimita 30 ni lita 4,500, karibu ijaze simtanki la lita 5,000. Ila maji ya kwanza huwa yameosha vumbi, kinyesi cha ndege na wadudu, kwa hiyo nusu lita kwa kila mita ya mraba, yaani lita 75, hutupwa kwanza. Wengine hufanya hivyo kwa bomba la inchi 4 lililosimama na kuzibwa chini. Bomba hilo hubeba lita 8 tu kwa mita. Zingehitajika zaidi ya mita 9. Hapa limetumika pipa la lita 100 kabla ya tanki, lenye bomba dogo la kuvujisha chini ili lenyewe lijimwage baada ya mvua. Tanki ni jeusi, kwani mwanga ukipenya maji huota ukijani, na lina valvu ya kusafishia chini kabisa, tofauti na ile ya kutumia.

Taa, na kila kinachozifuata

Sehemu hii ndiyo inayoitofautisha nyumba ya ukingo wa ziwa na nyumba ya Dodoma au Tabora.

Wadudu wa ziwani hutoka majini kwa mawingu. Ukiwa mlimani mchana unaweza kuyaona kwa mbali yamesimama juu ya maji kama moshi. Hawaumi. Maisha yao nje ya maji ni mafupi sana, na baadhi ya aina hutoka kwa wingi karibu na mwezi mwandamo. Upepo wa ziwa ukiwaleta nchi kavu, hufuata taa. Asubuhi wamekufa kwenye reli za madirisha, kwenye globu na juu ya meza. Kufa kwao si mwisho wa kazi, maana nyuma yao wanakuja buibui, na utando huning'inia kwenye kila kona ya dari ya nje. Kisha mijusi wa ukutani, wanaoacha vinyesi vyeusi vyenye ncha nyeupe. Mtu anafuta ukuta kila Jumamosi huku balbu aliyoiweka mwenyewe juu ya mlango ikiwaita upya kila jioni.

Kwa hiyo juu ya mlango wa mbele hakuna taa. Nguzo imesimamishwa mita 8 upande wa chini wa kiwanja, na balbu yake ni nyeupe, kwa makusudi: wadudu waende huko. Asubuhi kuku wanapita chini yake. Karibu na mlango kuna balbu ya manjano iliyoiva, ya wati 5, iliyofichwa ndani ya kikombe kinachoangalia chini, nayo huwaka mtu anapokaribia na kuzima baada ya dakika moja. Mwanga wa manjano huwavuta wadudu kidogo kuliko ule mweupe wenye ubuluu. Haumalizi tatizo, ila hulisogeza mbali na mlango.

Dari ya ngazi tatu iliondolewa. Mkanda wa taa ndani ya ngazi ya jipsamu, kwa nyumba ya Bwiru, ni sinia la wadudu waliokauka mita 3 juu ya sakafu: huwezi kuwafikia bila ngazi, na kivuli chao kinaonekana kwenye mwanga. Sasa dari ni bapa na ina urefu wa mita 2.8, fagio lenye mpini mrefu linafika. Taa zote zimefungwa pande zote, hazina bakuli lililo wazi kwa juu.

Nyavu zilileta mjadala mrefu zaidi. Wavu wa kawaida wa mbu una matundu ambayo wadudu wadogo wa ziwani hupenya. Ukiweka wavu mwembamba zaidi wanapungua, lakini na upepo unapungua, na nyumba inataka feni mchana kutwa. Waliamua kubaki na wavu wa kawaida na kuudhibiti mwanga: mapazia ya upande wa ziwa hufungwa kabla ya Magharibi, taa kubwa ya sebuleni haiwashwi madirisha yakiwa wazi. Hiyo ni tabia, si kifaa, na tabia hushindwa wageni wakija. Walijua.

Kilichobadilishwa ni namna wavu unavyofungwa. Mara nyingi fundi huupigilia misumari kwenye fremu, katikati ya kioo na grili, na tangu siku hiyo hauoshwi tena. Unabaki mweusi hadi unapotoboka. Mchoraji alipendekeza madirisha ya bawaba yanayofunguka nje na wavu ndani. Tatizo likajitokeza mezani: ili ulisukume dirisha lazima kwanza ufungue wavu, na jioni huo ndio wakati usiotakiwa kufunguliwa. Wakarudi kwenye aluminiamu ya kuslaidi, yenye reli tatu: mbili za vioo, moja ya wavu. Grili iko nje, nondo za mraba za milimita 12 zilizosimama wima tupu, bila maua wala mizunguko. Kila jani la wavu hunyanyuliwa na kutolewa kwa ndani, likapelekwa bombani uani. Dirisha la sebule ya upande wa ziwa huoshwa wavu wake kila mwezi. Mengine kila miezi mitatu.

Reli ndiyo gharama ya uamuzi huo. Hukusanya mizoga na vumbi, na matundu ya kutolea maji yakiziba, mvua ya upepo hujaa kwenye reli na kumwagikia ndani. Walimtaka fundi atoboe matundu mapana, milimita 5 kwa 20, mawili kwa kila dirisha, kwenye ukingo wa nje. Kusafisha ni kwa brashi kavu ya rangi ya inchi 1, kisha tambara. Ukianza na maji, wadudu hugeuka uji na kujibana kwenye kona za reli, na hapo utahitaji kijiti.

Kizingiti cha nje cha dirisha kinashuka kwenda nje sentimita 2, kimetokeza sentimita 4 mbele ya ukuta, na chini ya ukingo wake kuna mfereji mwembamba wa kudondoshea. Bila mfereji huo, maji hurudi nyuma chini ya kizingiti na kuchora michirizi myeusi ukutani, ile inayoonekana kama machozi chini ya kila dirisha la mji huu.

Mlangoni

Ngazi mbili za sentimita 15, upana wa kukanyagia sentimita 35, na mkono wa bomba upande wa kulia kwa ajili ya bibi. Chini ya ngazi, bomba fupi la kuoshea miguu juu ya sakafu ya zege iliyokwaruzwa. Kisha baraza ya mita 2.4 yenye zulia gumu la kukwangua, benchi la kukalia na rafu ya viatu iliyo wazi chini, sentimita 20 kutoka sakafuni ili ufagio upite. Kwetu viatu huvuliwa mlangoni hata hivyo. Kinachokosekana ni pa kukaa na pa kuviweka, ndiyo maana vinatapakaa na mgeni anavikanyaga kwa soksi. Ndani ya mlango kuna zulia jepesi linalofulika.

Mlango wa uani una mpangilio huo huo, na uani ndiko watoto wanakopita. Nyumba nyingi hupamba mlango wa mbele na kuusahau ule unaotumika.

Sakafu

Eneo la ndani ni mita za mraba 90. Kwa vigae vya 60 kwa 60, pakiti moja ya vigae vinne inachukua mita za mraba 1.44, zinahitajika pakiti 63, na kwa kuongeza asilimia 10 ya kukata na akiba, 69. Akiba ya pakiti mbili nzima imewekwa stoo, kwani ukirudi dukani baada ya miaka miwili rangi ile ile huipati.

Ukubwa wa kigae una hesabu yake. Mita moja ya mraba ya vigae vya 60 ina mita 3.3 za viungo. Vya 30 ina 6.7. Vile vidogo vya sentimita 5 vinavyobandikwa bafuni kwa urembo vina mita 40. Kigae chenyewe hakishiki uchafu. Kiungo ndicho kinachoushika. Kwa sakafu hii nzima, tofauti kati ya kigae cha 60 na cha 30 ni mita 300 za viungo vya kusugua.

Rangi iliyochaguliwa ni ya mchanga wenye madoadoa, uso usio na mng'ao ila laini. Nyeupe inayong'aa huonyesha kila unyayo wenye maji na kila unywele, na ikilowa inateleza. Bibi alishaanguka mara moja Kirumba. Alimwambia fundi, "Mwanangu, mimi sitaki kujiona sakafuni, nataka kusimama." Isiwe na mikwaruzo pia, kwani kigae chenye uso mkali hushika tope na tambara linachanika.

Fundi alikatazwa kuweka saruji kwa madonge matano chini ya kigae. Kigae cha namna hiyo ukikigonga kinalia. Siku moja sufuria inaangukia kwenye uwazi, kinapasuka. Saruji isambazwe kwa chanuo chini ya kigae chote. Ukutani iachwe nafasi ya milimita 6 kuzunguka chumba, ifichwe na sketi, yaani ukanda unaozunguka chini ya ukuta, kwa sababu vigae vilivyobanwa ukuta kwa ukuta hubinuka katikati ya chumba. Sketi yenyewe imezamishwa ndani ya plasta hadi imelingana na ukuta. Ile ya kubandika juu ina kingo ya juu ya milimita 10 inayozunguka nyumba nzima, rafu ya vumbi isiyo na faida kwa yeyote.

Jikoni na bafuni viungo vimejazwa gundi ya epoksi ya kijivu, haifyonzi mafuta wala maji. Ni ghali na huganda upesi: ichanganywe kidogo kidogo, na mabaki yafutwe kabla hayajakauka, la sivyo ukungu unaobaki juu ya kigae utatolewa kwa kukwangua. Vyumba vingine vimepata saruji ya kawaida ya viungo. Hapo asidi ya kusafishia isitumike kamwe. Hula saruji ya viungo na kuviacha na vinyweleo vya kushika uchafu zaidi. Na isikutane na dawa ya klorini kwenye ndoo moja, maana mchanganyiko huo hutoa hewa ya sumu.

Majiko mawili

Sato wa kukaanga na dagaa haviwezi kupikwa ndani kisha sebule ibaki inanukia maua. Hakuna feni ya kuvuta moshi itakayoshinda sufuria ya mafuta yanayochemka kila siku. Kwa hiyo jiko la kazi liko kwenye kibaraza cha nyuma, chini ya paa lile lile, limefungwa pande mbili tu, upande wa upepo wa mchana na upande wa jirani. Lina jukwaa la zege la kuparulia samaki, sinki moja pana na refu kwenda chini, sehemu ya mkaa na sehemu ya gesi. Jukwaa linainama sentimita 1 kwa mita kuelekea sinki, na ukingo wake wa mbele umeinuliwa milimita 10, ili maji ya samaki yasishuke miguuni.

Maji ya sinki hilo hupita kwenye mtego wa mafuta wa lita 60 kabla ya chemba. Mafuta huelea, magamba huzama, maji ya katikati yanaendelea. Unachotwa kila wiki mbili. Ukisahaulika, mafuta huganda bombani; na juu ya mwamba, ambako shimo la kufyonza tayari linafyonza kwa shida, mafuta yakifika huko yanaziba kabisa.

Jiko la ndani ni la chai na kupashia. Makabati ya mbao za kubandika yaliachwa, kwa kuwa huvimba chini kila sakafu inapodekiwa. Badala yake kuna kuta fupi za tofali zilizovikwa vigae, rafu za zege na milango ya aluminiamu. Chini kuna kitako cha sentimita 10 kilichofunikwa kwa kigae, mende hawana pa kujificha. Makabati ya juu yamefika darini.

Bafu

Sakafu ya bafu iko sentimita 2 chini ya korido, na inashuka sentimita 2 kwa mita kuelekea mdomo wa kutolea maji, uliowekwa ukutani mwa upande wa kuogea badala ya katikati. Ukiwa katikati, vigae vikubwa lazima vikatwe vipande vinne vya pembetatu ili vishuke, na viungo vinaongezeka. Kona ya sakafu na ukuta imeviringishwa kwa saruji, hakuna pembe kali ya kusugua kwa mswaki.

Choo cha kuning'inia ukutani kilijadiliwa: sakafu chini yake hufagiwa bila kizuizi. Kilikataliwa. Tangi lake limefichwa ndani ya ukuta, na vipuri vyake si vya duka la kila kona. Kimewekwa cha kusimama sakafuni chenye ubavu uliofungwa, usioonyesha mikunjo ya bomba nyuma, na tangi la nje ambalo fundi yeyote wa mtaani anaweza kulifungua. Maji ya ziwa ni laini, hayaachi ukoko mwingi wa chokaa kama maji ya visima vingi vya bara, kwa hiyo vioo na mabomba havihitaji dawa kali. Kupitisha mpira wa kukaushia baada ya kuoga kunatosha.

Masika ya kwanza

Nyumba ilikamilika mwezi Februari, na Machi mvua ikaanza kuikagua. Matatu yalijitokeza.

Kwenye kona ya kaskazini ukanda wa zege ulituamisha maji, kina cha kidole. Fundi alikuwa ameifuata ardhi kwa macho, na kwenye mteremko macho hudanganya: kinachoonekana kinashuka kilikuwa kinapanda. Kingepimwa kwa pima maji na kamba siku ya kumwaga, kisingetokea. Walikata kipande cha mita moja na nusu na kukimwaga upya.

Choo cha wageni kilianza kunuka na mende wakatokea humo, ingawa hakitumiki. Sababu ni kwamba maji ya kwenye mtego wa sakafu yalikauka, njia ikabaki wazi hadi chemba. Tangu hapo kikombe kimoja cha maji humiminwa kila Jumamosi, na bibi akiwa na safari huongeza kijiko cha mafuta ya kupikia juu yake ili maji yasikauke haraka.

La tatu bado halijapata dawa kamili. Kwenye reli ya dirisha la sebule la upande wa ziwa, wiki za mwezi mwandamo, wadudu hujaa kwa siku mbili hata mapazia yakifungwa mapema, kwa kuwa taa ya jirani wa juu inamulika ukuta huo. Jirani ameombwa aigeuze ielekee chini. Amesema ataigeuza fundi wake wa umeme akija, na kwa sasa brashi ya inchi 1 inaning'inia kwenye msumari kando ya dirisha.